Nimewachora wakibusiana, mzee akauliza: "Hawa ni akina nani?"

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Ujiji, kazi yangu ni kuandika mabango, majina ya mitumbwi na kuta za saluni. Ndugu wanne walioko Dar wamenitumia kianzio cha laki moja na nusu niwachoree wazazi wao picha ya mapenzi, maana wanatimiza miaka 35 ya ndoa. Baba bado anavua dagaa Kibirizi, mama anaanika na kuuza. Nilipewa picha moja tu ya simu. Nikawachora wamekumbatiana ufukweni wanabusiana, nyuma jua linazama, pembeni waridi na kopa jekundu. Nilipowapelekea waione, mama alijifunika uso kwa kanga akacheka mpaka akatoka nje. Mzee aliitazama kwa muda, halafu akauliza, 'Hawa ni akina nani?' Sherehe ni baada ya miezi miwili. Binamu yangu anayesoma Dar anasema wasanii wa siku hizi hawachori tena makopa, eti kuna mmoja alitundika saa mbili ukutani akasema hayo ndiyo mapenzi, tena akamwaga na peremende chini. Anataka nami nifanye hivyo. Je, ananitania? Na wazee wetu unawachoraje mapenzi wakati hata mikono barabarani hawashikani?"*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka pamoja na huyo mama. Kwanza tulia: hujawavunjia wazee heshima, na kianzio cha watu hakijapotea. Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo mawili: kwa nini picha uliyoihangaikia hivyo haikuwagusa wenyewe, na kama hayo ya saa na peremende yana msaada wowote kwako au ni vituko vya watu walioshiba.

Wengine watakwambia tatizo ni lile busu, kwamba wazee wa kwetu hawana mahaba, hayo ni ya kuiga. Mimi sikubali. Watu waliotunga "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika" walikuwa wanajua wanachokisema. Mwanamke anayefungua doti ya kanga aliyoletewa na mumewe huangalia maandishi kabla hajaangalia rangi, na akikuta "Japo sipati tamaa sikati" anajua ameambiwa nini, hata kama aliyeileta ameshatoka kwenda barazani kana kwamba hakusema kitu. Hiyo ni lugha ya mapenzi iliyokomaa kabisa, ila inasema pembeni. Halafu angalia alichosema mzee. Hakusema picha ni ya aibu. Aliuliza hawa ni akina nani. Anakwambia hajajiona.

Wewe ni mtu wa mabango, kwa hiyo nitakueleza kwa bango. Bango la saluni linatakiwa lisomwe na abiria wa boda kwa sekunde mbili. Ndiyo maana unachora mkasi na kitana, na hakuna anayeuliza ule mkasi ni wa nani. Kopa, waridi na jua linalozama ni mikasi ya namna hiyohiyo: vinamtangazia mpita njia kwamba hapa pana mapenzi, basi. Lakini picha uliyoagizwa ina wasomaji wawili wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na hao wawili hawahitaji kutangaziwa kwamba wanapendana. Wanataka wajitambue.

Sisemi kopa ni haramu. Mmarekani Robert Indiana alilichora neno LOVE, yaani upendo kwa Kiingereza, herufi mbili juu ya mbili, ile O akailaza kidogo kama mtu anayeegemea ukuta. Mwaka 1965 likawa kadi ya Krismasi ya jumba la makumbusho la MoMA la New York, na mwaka 1973 likawa stempu ya posta. Lilifanikiwa kwa sababu lilikuwa bango, na lilikusudiwa kuwa bango. (Kwa kuwa hakulilinda kisheria mapema, watu walilinakili kwenye vikombe na fulana apendavyo kila mmoja. Ukibuni alama yako mwenyewe, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaisambaza.)

Sasa turudi Kibirizi, maana hapo ndipo ulipoteleza, na wala si kwenye busu.

Umeweka jua linazama. Wewe umezaliwa Ujiji, unajua jua letu linazamia Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Saa hiyo mvuvi wa dagaa anafanya nini? Anasukuma mtumbwi. Taa ziko tayari, vijana wameshapanda, na mke amebaki nchi kavu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo kwa mzee huyu, kwa miaka 35, jua likizama ni saa ya kuaga. Kuna usiku ziwa lilichafuka, na mama alilala macho yakiwa darini. Umewachorea saa ya kuachana ukaipamba na waridi. Hata mimi ningeuliza hawa ni akina nani.

Saa yao ya kukutana ni alfajiri. Pale mwaloni ziwa bado lina kivuli kwa sababu jua linachomoza nyuma ya vilima, mtumbwi unaingia, mama amesimama na beseni. Hawakumbatiani. Yeye anaangalia kwanza watu waliomo mtumbwini, halafu ndipo anaangalia dagaa. Huo mpangilio wa macho, watu kwanza samaki baadaye, ukiweza kuuchora, umemaliza kazi.

Na wana saa nyingine, tamu zaidi. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazina nguvu. Ziwa lote lina mwanga, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Kwa watu wa mjini mbalamwezi ni pambo la nyimbo. Kwa nyumba ya mvuvi wa dagaa maana yake ni kwamba baba amelala nyumbani. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mwezi mpevu na mapenzi vimeunganishwa na kazi kiasi hicho, na wewe unapaona kila mwezi bila nauli.

Kuhusu zile saa mbili, binamu yako hakutanii. Aliyezitundika ni Felix Gonzalez-Torres, mzaliwa wa Kuba aliyefanya kazi New York, akafariki mwaka 1996. Ni saa mbili za ukutani za kawaida za betri, zinazofanana kabisa, zimetundikwa zikigusana na kuwekwa dakika ileile sekunde ileile. Toleo la kwanza ni la kati ya 1987 na 1990. Mpenzi wake, Ross Laycock, alikuwa anaugua UKIMWI, akafariki mwaka 1991. Ndani ya saa kama hiyo kuna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa inahesabu mitetemo hiyo. Lakini hakuna vipande viwili vinavyotetemeka sawasawa kabisa, na betri mbili hazichoki siku moja. Tofauti ni ndogo mno kuonekana leo, ila inajumlishwa. Zinaanza pamoja, baada ya muda moja inaachwa nyuma sekunde chache, na ipo siku moja itasimama kwanza. Kila mwenye ndoa anajua ni ipi inayomtisha. Mtunzaji akizikuta zimesimama anatia betri mpya, anazipanga upya, zinaanza tena.

Unaona alichofanya? Hakuchora sura ya mtu hata moja. Alitafuta kitu ambacho tabia yake ni ile ile ya jambo alilokuwa analipitia.

Na zile peremende ni zake pia, za mwaka 1991, alizozifanya kuwa picha ya Ross. Ni rundo la peremende zenye karatasi za rangi rangi, uzito uliokusudiwa ni kama kilo 79, zimemwagwa kwenye kona ya chumba. Kila anayeingia anaruhusiwa kuchukua moja. Rundo linapungua, linapungua. Jumba la makumbusho linaweza kuongeza tena mpaka uzito urudi. Mtu wa umri wangu aliyeuguza ndugu miaka ile ya tisini haelezwi zaidi. Mimi nilimbeba kaka yangu kutoka kitandani hadi mkekani, na kila wiki alikuwa mwepesi kuliko wiki iliyopita. Peremende unayoila ni tamu, na kumbe unayemmaliza ni mtu. Niliposoma habari za rundo hilo niliweka kitabu chini.

Lakini usikimbilie kununua saa mbili. Ukiwapelekea wale wazee watashukuru sana, watazitundika moja sebuleni na nyingine chumbani, na watoto watakudai hela yao. Chukua njia aliyoipita, uache vifaa vyake. Jiulize nyumbani kwao kuna kitu gani kinachokuwa viwili, kinachochakaa pamoja au kimoja kinatangulia.

Mimi nina jibu moja, na mama alijifunika nalo uso mbele yako. Kanga inauzwa doti, vipande viwili kwenye kitambaa kimoja, pindo lilelile, mji uleule, maneno yaleyale. Unakata katikati, unapinda, unashona. Kuanzia siku hiyo kila kipande kina maisha yake. Kimoja kinafungwa kiunoni kwenda kuanika dagaa, kinapigwa na jua, chumvi ya jasho na moshi. Kingine kinakaa sandukuni kinangoja harusi na misiba. Baada ya miaka 10 uviweke kando kwa kando: maneno ni yaleyale, rangi ni mbili. Muulize mama ile nusu nyingine iko wapi. Huenda ndiyo aliyojifunika mzee usiku ule wa baridi ziwani. Huenda ilibebea mtoto. Usikisie, uliza.

Kuhusu kuwachora watu bila kuwabusisha, wapo waliokutangulia na nakushauri utafute kazi zao uziangalie kwenye simu kwa utulivu. Kerry James Marshall, Mmarekani mweusi, kati ya 1992 na 1993 alichora mume na mke wanacheza polepole sebuleni kwao, na noti za muziki zinaelea hewani kana kwamba redio inaonekana. Ni sebule ya watu wa kawaida, si ukumbi wa kifahari. Alitaka kujaza pengo: kwenye majumba ya makumbusho alikutana na wapenzi wengi waliochorwa, na weusi miongoni mwao walikuwa wachache mno.

Mwingine ni Njideka Akunyili Crosby, aliyezaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983, na sasa anaishi Los Angeles. Anajichora yeye na mumewe, Mmarekani mweupe, chumbani, mezani, kwenye dansi. Ukiwa mbali unaona watu wawili wametulia. Ukisogea unaona kwamba ukuta, sakafu, pengine hata ngozi, vimejaa vipicha vidogo vidogo: magazeti ya Nigeria, picha za familia, nyota wa muziki, vitambaa vyenye sura za watu kama vile vitenge vya kumbukumbu tunavyovijua. Yaani mapenzi ya hao wawili yamekaa juu ya watu wengi. Mkono wa mume begani hauhitaji kusema zaidi, nyumba yote inasema.

Kuna pia wanaochora kuachana, nami nitapita hapo upesi kwa kuwa hukuniuliza. Marina Abramović na Ulay, wasanii waliokuwa wapenzi, mwaka 1988 walianza kutembea kila mmoja kutoka mwisho wake wa Ukuta Mkuu wa China, siku 90, zaidi ya kilomita 2,000 kila mtu. Reli nzima ya Dar hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250 tu. Mwanzoni walipanga wakikutana waoane. Mpaka ruhusa ya serikali inapatikana penzi lilikuwa limeisha, wakakutana katikati wakaagana. Mfaransa Sophie Calle naye aliachwa kwa barua pepe, akawapa wanawake 107 waisome kila mmoja kwa utaalamu wake, akaonyesha majibu yao Venice mwaka 2007. Mmoja, mlenga shabaha, aliipiga risasi.

Sasa, njia ulizonazo, na nitakuwa mkweli kwa kila moja.

Unaweza kuwachora upya wamekaa kwenye viti wanatazama mbele, nguo za sikukuu. Ni salama, watoto watalipa, na hakuna atakayekulaumu. Lakini itakuwa picha ya studio iliyopakwa rangi, na wewe mwenyewe utajua. Unaweza kuchora vitu peke yake: taa, beseni, kanga mbili. Mimi binafsi ningeipenda sana hiyo, ila waliolipa wako Dar, na wakifungua kifurushi wakakuta beseni watapiga simu. Ya tatu ndiyo ninayokushauri: wachore wote wawili mahali pao na saa yao, hawagusani au wanagusana kidogo tu, na vitu vyao viwe vikubwa kuliko unavyodhani inafaa. Ama alfajiri mwaloni, ama uani usiku wa mbalamwezi, mzee amekaa kwenye kigoda anashona wavu na mama anachambua dagaa kwenye ungo, mwanga mweupe juu ya yote, jiko limeshazimwa. Kopa, kama roho inakuuma kulitoa, liingize kwenye pindo la kanga. Atakayeliona ataliona.

Ubao wako usiutupe. Kama ni hadibodi na umetumia rangi ya mafuta ya nyumba, uko kwenye ukoo mzuri. Edward Saidi Tingatinga alianza hivyohivyo Dar mwaka 1968. Ila usipake rangi mpya juu ya ile ambayo haijakauka mpaka ndani. Tabaka la juu likikauka kabla ya la chini litajikunja na kupasuka. Acha wiki mbili au zaidi, piga msasa, piga andakoti mbili nyembamba, ndipo uanze. Ukifanya haraka, lile busu litachungulia chini ya kanga ya mama, na hapo atacheka mpaka sherehe ivunjike.

Ukivutiwa na mtindo wa Akunyili Crosby wa kuhamisha picha, unawezekana kwa kiasi: fotokopi ya mashine ya wino wa unga inalazwa kifudifudi juu ya karatasi nzito, mgongo wake unalowanishwa kidogo kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kisha unasuguliwa kwa kijiko. Usifanye hivyo moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta, itayeyuka. Ihamishie kwenye karatasi, kisha bandika karatasi kwa gundi ya mbao. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, mvuke wake unawaka na unaumiza kichwa.

Yako mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukumalizia. Kuhusu malipo, andikeni karatasi na wale ndugu wanne kabla hujaanza upya. Mkishindwana, mwone afisa utamaduni wa manispaa akushauri. Kuhusu mkono wako, kama una njia ya kufika Dar pitia Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, ukae na wachoraji siku mbili tatu, au Bagamoyo kwenye TaSUBa, chuo cha sanaa; kusimama nyuma ya mtu anayechora kunafundisha kuliko barua zangu kumi. Na usiiweke picha mtandaoni mpaka wazee wenyewe, si watoto wao, waseme ndiyo.

La mwisho ni gumu kidogo. Ukikaa na watu waliooana miaka 35 ukawauliza habari zao, unaweza kufungua mlango ambao hukuukusudia: mtoto aliyefariki, mwaka ambao mzee alikuwa na nyumba nyingine ng'ambo ya ziwa. Ukiona sauti imebadilika, funga daftari, sifia chai, aga. Kama kuna jeraha la kweli, wana wazee wenzao, wana shehe au padri wao. Wewe ni mchoraji. Kwa hiyo usiulize "mnapendanaje?" Uliza mtumbwi wa kwanza ulikuwa wa rangi gani, nani alikuwa anatangulia kula, kanga ile aliinunulia wapi.

Usiku, wote wawili kwa pamoja hutawapata siku nyingine yoyote isipokuwa mwezi ukiwa mpevu, na kabla ya sherehe una miezi mipevu miwili. Ya kwanza nenda mikono mitupu, simu uiache nyumbani, ukae uani mpaka wakusahau. Ya pili nenda na ubao.